Aliyekula Sahani ya Kwanza

Marehemu tunayemzika leo alikuja duniani Jumatatu, tarehe 14 Machi 1994, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya mji wetu, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa baba seremala na mama muuza mitumba. Mama yake anasema alitoka amekunja uso, kama mteja aliyeletewa kitu ambacho hakukiagiza. Mkunga alimpiga kikofi ili alie. Mtoto akamtazama mkunga, akavuta pumzi zake taratibu, kisha akalia kwa wakati aliouchagua mwenyewe. Mtaani aliitwa Mbishi, na humu ataitwa hivyo hivyo, kwa sababu tukimwita vingine hata sanduku litafunguka atusahihishe.

Alilelewa katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake, mahali ambapo vumbi la mbao liliingia mpaka kwenye chumvi. Alikuwa mtoto mwembamba, mwenye masikio ya kusikia kila kitu isipokuwa neno "basi". Mama akimwambia akaoge, aliuliza jana alioga kwa faida ya nani. Akimwambia alale, aliuliza mbona baba halali. Mama akimrushia kandambili, aliiokota, akaenda kuichukua na ya pili, akamletea zote na kusema moja peke yake haina kazi. Mpaka leo mama hajaamua kama ule ulikuwa utii au dharau.

Elimu ya msingi aliipata katika shule iliyo nyuma ya kituo cha mafuta, mwaka 2001 hadi 2007, na ya sekondari katika shule ya bweni ya kule mlimani, 2008 hadi 2011. Maharagwe ya shule ile yalikuwa na wadudu wengi kiasi kwamba wanafunzi walibishana kama wanakula maharagwe yenye wadudu au wadudu wenye maharagwe. Wengi walifumba macho wakameza. Mbishi, akiwa kidato cha tatu, alibeba sahani yake, akaukatiza uwanja mzima mchana kweupe, akaingia ofisi ya mkuu wa shule na kuiweka mezani.

"Karibu chakula, mwalimu."

Mkuu wa shule aliitazama sahani. Kulikuwa na kitu kinatembea ukingoni. "Hiyo ni protini," akasema.

"Basi karibu protini, mwalimu."

Alisimamishwa masomo wiki mbili. Mama yake aliitwa, akaomba radhi kwa unyenyekevu wote, akamshika mwanawe sikio kutoka ofisini hadi getini. Walipopinda kona akakaa juu ya jiwe, akacheka mpaka kilemba kikamdondoka. Mwaka huo huo, tarehe 2 Juni 2010, baba yake alifariki kwa ugonjwa wa mapafu. Mbishi akamaliza shule akiwa na cheti ambacho hakuna aliyehangaika kukitengenezea fremu, ingawa mbao zilikuwepo.

Mwaka 2012 aliajiriwa kuosha vyombo katika jiko la hospitali ile ile aliyozaliwa, na mwaka 2014 akapandishwa kuwa mpishi. Mpishi mkuu alikuwa mama mmoja mnene wa sauti na mwili, ambaye mji wote unamjua kwa jina la Mama Sufuria. Jiko lake lilikuwa na sheria moja ambayo haikubandikwa popote. Chakula hakitoki kwenda wodini mpaka mpishi wa zamu ajipakulie sahani ya kwanza, akae kwenye benchi la mlangoni ambapo kila mtu anamwona, ale amalize, kisha angoje. Akiwa bado mzima wauguzi wakishamaliza kunywa chai, ndipo vigari vya chakula vinasukumwa.

Kijana wetu, kama kawaida yake, alibisha. "Mama, kwani mimi ni mpishi au panya wa maabara?"

"Panya halipwi. Wewe unalipwa. Kaa ule."

"Na nikifa?"

"Utakuwa umekufa wewe peke yako, mzima, mwenye meno. Hao wodini hawana hata nguvu ya kutapika. Kaa!"

Alikaa, akala, na tangu siku ile hakuna aliyeishika sheria hiyo kuliko yeye. Wapishi wenzake wanasema alikuwa akiwarudisha benchini hata kwa uji mtupu. Mganga mfawidhi mwenyewe aliwahi kuja jikoni akiwa na haraka, akataka kuchota kwenye sufuria. Mbishi akamwondolea mwiko mkononi na kumwambia, "Daktari, subiri kwanza uone kama nakufa."

Mkewe alimpata kwa ubishi vilevile. Yeye ni mshonaji, ana chumba chake kinachotazamana na geti la hospitali, anashona sare za wauguzi. Mbishi alipeleka kitambaa ashonewe aproni. Akairudisha kwamba mfuko uko chini mno. Akairudisha tena kwamba sasa uko juu, mkono unagonga kidevu. Siku aliyoirudisha kwa sababu kamba ya kiunoni "inaongea vibaya", mshonaji aliweka mkasi chini.

"Kaka, unataka aproni au unataka mshonaji?"

"Nilikuwa nabishana na roho yangu," akajibu. "Imenishinda."

Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 2018. Binti yao alizaliwa tarehe 21 Oktoba 2019, na tayari ana maoni makali kuhusu soksi.

Mwaka 2021 hospitali iliwafukuza wapishi wake wote, na kazi ya kulisha wagonjwa akapewa mzabuni. Hapa tuvumilie kidogo, maana kinyaa kinaanzia hapa. Chakula cha mzabuni kilikuja kwenye ndoo za rangi ya nyumba, na zingine bado zilikuwa na michirizi ya rangi ubavuni. Mifuniko ilikuwa inatokwa jasho. Mbishi, aliyekuwa ameshapewa barua yake ya kuondoka, alifunua ndoo ya kwanza na kukuta kitu chenye rangi ya maji ya deki, juu kimeganda utando. Akamuuliza aliyeileta, "Nani amekula hiki kwanza?" Yule kijana wa ndoo akamwangalia kama anaulizwa nani amelala na mbu. Hakuna aliyekula kwanza. Mpaka leo hakuna anayekula kwanza, na wenye ndugu wodini mnajua mnachobeba kutoka nyumbani kila mchana, na mnajua kwa nini.

Alikaa bila kazi miezi kadhaa. Kisha likapita gari la matangazo likiita vijana jeshini, na Januari 2022 akaingia. Mama yake alikataa kata kata. Akamwambia, "Wewe mtu wa kubisha, utakwenda kuambiwa 'lala chini', uulize kwa nini, upigwe risasi ukiwa umesimama." Mbishi alicheka sana. Alimwambia anakwenda kupika, na hakuna jeshi lililowahi kumpiga risasi mpishi wake kabla ya chakula kuiva.

Vita vilipoanza, Februari 2023, kikosi chake kilipelekwa mpakani, na yeye akiwa mpishi wake. Kwa maneno ya waliokuwa naye, alikuwa akibeba sufuria ya uji asubuhi kutoka jikoni hadi kwenye mahandaki, njia iliyokuwa ikipigwa makombora. Siku moja kombora lilianguka karibu. Wenzake walipoinua vichwa wakamwona amelala kifudifudi, kofia yake ya chuma haipo kichwani, ameifunika sufuria. Wakamtukana matusi yote. Akasema kichwa chake kikiingia mchanga kitaoshwa, uji ukiingia mchanga nani ataula? Alihudumu hivyo miezi saba. Hakuna medali ya uji, kwa hiyo tumeona tuseme hapa.

Sasa tunafika kwenye kifo chake. Kuna maelezo mawili, na yote mawili yalifika nyumbani wiki hii.

Maelezo ya kwanza yaliletwa Jumanne na Afisa wa Stoo wa kambi ya kikosi chake, yeye mwenyewe, na shada la maua ya plastiki. Aliingia sebuleni na buti, akakanyaga mkeka ambao mama wa marehemu alikuwa amekalia, akakaa kwenye kochi na kuuliza kama kuna maji ya baridi. Aliletewa maji. Akaletewa chakula. Alikula nyama ya msibani sahani mbili, akijifuta midomo kwa leso iliyonukia pafyumu, na wala hakuuliza nani kapika. Alipomaliza akachokoa meno, akatoa mfukoni karatasi aliyosema ndiyo itakayosomwa kaburini, akaanza kuisoma kwa sauti ya redio: "Askari wetu shupavu alianguka mstari wa mbele, baada ya kupigwa risasi ya kifua, akiwakabili maadui kwa ujasiri usio kifani."

Mke wa marehemu alikuwa amesimama mlangoni. Yeye na wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, ndio walioingia mochwari kumvika.

"Afande, kifua kipi?"

"Pole sana, shemeji. Kifua cha marehemu."

"Mimi ndiye niliyemfunga vifungo vya shati. Kifua chake kizima, hakina hata mkwaruzo."

Afisa akakohoa. "Shemeji, vita vina mambo. Kuna risasi nyingine hazionekani."

"Hizo basi ni upepo, afande. Hivyo mume wangu kauawa na upepo?"

Akakunja karatasi na kumgeukia mama. Akasema kwa upole, upole ule wa mafuta, kwamba risasi ina heshima yake. Kwamba mtu aliyekufa kwa risasi anafunikwa bendera, anapigiwa baragumu, anapigiwa mizinga hewani, wajukuu wanasimuliwa. Kwamba kuna mambo mengine, ya tumbo, ambayo hayana haja ya kutajwa mbele za watu waliovaa vizuri. Aliposema "tumbo" alishika la kwake.

Ndivyo mama alivyopata kujua kwamba mwanawe alikufa kwa tumbo.

Na hapa lazima isemwe, naye mwenyewe ameruhusu isemwe: mama aliitaka ile risasi. Afisa alipoondoka, mkwewe alisema karatasi ile ikasomwe chooni. Mama akamkatalia.

"Mwanangu, wewe kijana. Unajua watu wa mji huu? Nisimame makaburini, isomwe kwamba mwanangu kaenda vitani akafa kwa kuharisha? Watacheka mpaka wachimba kaburi. Nitauza vipi nguo pale sokoni? Kila anayeshika suruali yangu atacheka."

"Mama, watamzika mtu mwingine. Huyo wa risasi simjui."

"Na mimi huyo wa kuharisha simtaki!" mama akasema, akaingia chumbani.

Walikaa hivyo siku nzima, nyumba moja, hawasemezani, wakipishana koridoni kama mabasi. Ratiba ya mazishi, yenye wasifu huu, ilikuwa inangojwa na mchapaji. Kwa hiyo mnaposhika ratiba hii mikononi, jueni kwamba nusura ije na risasi.

Maelezo ya pili yaliletwa Jumatano na mwanajeshi mmoja, dereva wa lori la kikosi. Ameomba asitajwe jina, nasi tumemtaja kazi tu. Madereva ni wengi. Alikuja kwa nguo za kiraia, amekonda, akakaribishwa uani ambako Mama Sufuria alikuwa akiwapikia waombolezaji. Mama wa marehemu alikuwepo, amekaa kwenye kigoda, hali chochote tangu Jumanne. Mama Sufuria akampakulia mgeni wali.

Dereva aliipokea sahani, akaiweka magotini bila kuigusa.

"Kula, baba. Kuna nini, hakinukii?"

"Kinanukia, mama. Naomba ule wewe kwanza."

Mwiko wa Mama Sufuria ulibaki hewani. Katika umri wake wote ni yeye aliyekuwa akiwaambia watu sheria ile. Hakuna mtu wa nje aliyewahi kumwambia yeye.

"Nani kakufundisha hiyo?"

"Mbishi. Kikosi chetu chote hatuli siku hizi mpaka aliyepika ale. Hata biskuti. Samahani, mama, si dharau."

Mama Sufuria akajipakulia, akakaa chini pale pale kwenye udongo, akala, machozi yanamdondokea sahanini, na dereva akangoja. Mama wa marehemu akavuta kigoda karibu. "Sema," akasema. "Sema yote, usiniwekee sukari."

Dereva akasema. Kikosi kilikuwa hakijala chakula cha maana siku mbili. Alhamisi tarehe 7 Septemba 2023, Afisa wa Stoo akatoa makopo ya nyama. Makopo yalikuwa yamevimba kama mashavu ya mtu mwenye jino bovu, lebo zimekwanguliwa kwa kisu pale penye tarehe. La kwanza lilipotobolewa lilipiga chafya. Ndani nyama ilikuwa na rangi ya kijani pembeni, na maji yake yalivutika kama kamasi. Askari waliozoea harufu ya mahandaki, ya soksi na ya mambo mengine ambayo hatutayataja mbele ya watoto, walirudi nyuma.

Mbishi alikataa kupika. Akaenda stoo akasema hiki si chakula. Afisa akamwambia akioshe kwa siki. Akaenda tena. Afisa, aliyekuwa akila kuku wa kuchoma juu ya meza yake, akamwambia akaange na vitunguu vingi na pilipili nyingi, vita havina menyu, na akikataa mara ya tatu atapewa bunduki apelekwe mbele, na jiko atapewa mwingine asiye na mdomo.

"Sasa mama, huyo mwingine angetupa tule," dereva akasema. "Na sisi tungekula. Sitakudanganya. Kikishakaangwa na vitunguu, harufu ikafichwa, na njaa ile, tungekula tukaramba na sufuria. Tulikuwa tunampigia kelele, 'Pika, Mbishi, acha uprofesa!' Mimi mwenyewe nilimtukana."

Akapika. Akaichemsha kwa muda mrefu, akaikaanga, akatia kila alichokuwa nacho. Kisha akaweka ndoo juu chini mbele ya kikosi kizima, akaketi juu yake, akajipakulia sahani ya kwanza. Akawaambia asiguse mtu mpaka jua lifike juu ya mlingoti wa bendera. Wakamzomea. Mmoja akamwita mchoyo, kwamba anataka kushiba peke yake. Mbishi akatafuna, akameza, akasema, "Nitakula, nitaharisha mpaka kesho, na kesho mtaniomba radhi mmoja mmoja kwa foleni."

Hapo dereva alicheka kidogo alipokumbuka. Marehemu hakuwa amepanga kufa. Alikuwa amepanga kushinda ubishi.

Jua lilikuwa halijafika juu ya mlingoti. Alianza kutoka jasho, akajikunja, akaanguka kutoka kwenye ndoo. Alitapika, akaharisha, na kabla jioni haijaingia ilikuwa damu. Kati ya kutapika na kutapika alikuwa akiuliza kitu kimoja: "Mmeimwaga?" Waliimwaga sufuria nzima kwenye shimo la choo, na Afisa wa Stoo alipoona akawatukana kwa kuharibu mali ya umma.

Kambi ilikuwa na gari la wagonjwa. Ijumaa lilikuwa limetumwa mjini kuchukua viti vya plastiki na zulia, kwa sababu mgeni mkubwa alikuwa anakuja kupiga picha na askari. Wakaomba lirudishwe. Wakajibiwa zulia haliwezi kupanda lori, litachafuka. Mbishi hakuwekewa hata dripu. Jumamosi tarehe 9 Septemba 2023 dereva alimlaza Mbishi kwenye lori lake, juu ya magunia, akaondoka bila ruhusa. Njiani wakapishana na gari la wagonjwa likirudi, viti vimepangwa hadi kwenye dari. Marehemu alifariki saa sita mchana, kabla ya kufika hospitali, akiwa na umri wa miaka ishirini na tisa.

Mgeni mkubwa alikuja. Alikaa kwenye kiti, alipiga picha, alisifu lishe ya jeshi.

Kila anayesikiliza hapa anaruhusiwa kutema mate. Pembeni tu, si kwenye viatu vya jirani.

Dereva alipomaliza, mama hakulia. Alimwuliza swali moja.

"Wangapi walikula baada yake?"

"Hakuna, mama."

"Hakuna hata mmoja? Mwenye njaa akaiba kijiko?"

"Hata mmoja. Wote wazima. Mimi huyu hapa."

Mama akamtazama dereva kwa muda mrefu, kuanzia viatu hadi nywele, jinsi anavyotazama nguo kabla ya kuinunua. Kisha akasimama, akaenda mlangoni, akamwita mkwewe, na hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia tangu Jumanne.

"Mwanangu, andikeni. Andikeni kuharisha, kwa herufi kubwa. Atakayecheka nitamwuliza yeye katika maisha yake amemharishia nani."

Afisa wa Stoo alipigiwa simu akaambiwa kwamba risasi yake imerudishwa. Akajibu kwamba basi hakutakuwa na bendera, hakutakuwa na baragumu wala mizinga, na gari la jeshi halitabeba sanduku, kwa kuwa jeshi haliwezi kumpigia saluti mtu wa tumbo. Alitupa hadi jana jioni tubadilishe mawazo. Mke wa marehemu aliishika simu akamuuliza, "Afande, ile nyama uliyokula hapa kwetu Jumanne, unajua nani aliionja kwanza?" Simu ikakatika. Tunaambiwa alishinda siku nzima akijipapasa tumbo. Nyama ile ilikuwa salama kabisa. Mama Sufuria alikuwa ameila kwanza.

Ndiyo maana leo hamuoni askari aliyejipanga hapa mbele. Waliobeba sanduku ni wapishi waliofukuzwa hospitalini, wamevaa aproni zao safi, zilizopigwa pasi na mjane. Waliokuja kutazama bendera watusamehe.

Lakini jambo la mama halijaisha. Dereva anasema makopo yaliyobaki hayakutupwa. Yamepakiwa, yamepelekwa kambi nyingine, na dereva hajui ni ipi. Katika mji huu kuna nyumba nyingi zenye mtoto jeshini, na wengi wenu mko hapa. Mama anawaomba hivi: tukishafukia, kabla ya kunawa mikono, kila mwenye mtoto kambini ampigie simu. Asimsimulie mambo marefu, simu zao zinasikilizwa. Amwambie tu asile mpaka aliyepika ale, na angoje. Asiye na salio aje kwa dada wa marehemu, amekaa chini ya turubai na simu tatu. Hilo ndilo shada ambalo mama anataka. Yale maua ya plastiki tumeyaacha nje ya geti, mwenyewe akiyahitaji atayapata.

Marehemu ameacha mama, mjane, binti mmoja wa miaka mitatu, na dada yake mkubwa. Ameacha Mama Sufuria, aliyemlea jikoni, na wapishi wenzake wote wa hospitali. Ameacha pia kikosi kizima, watu ambao tarehe 7 Septemba walimtukana mchana, usiku wakalala na njaa, na asubuhi wakaamka.

Mungu ampe pumziko jema mwana wetu. Sasa twendeni tukamfukie, halafu simu.